Agnella wa Katindiuka na Kipaza cha Ndege

"Utakipokea!"

"Sikipokei."

"Utakipokea, wifi, hata kama itabidi nikubane pua kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo. Ni haki yako! Ulinunua kipya, wakakuletea kilichochakazwa na mtu mwingine, sasa wanakubadilishia. Mnunuzi gani mwenye akili timamu anakataa kubadilishiwa?"

Agnella alikuwa amekaa kwenye mkeka uani kwake, kanga imemzunguka shingo mpaka masikioni ingawa jua la asubuhi lilishaanza kuuma. Hakujibu kwa sauti kwa kuwa sauti hakuwa nayo. Alinong'ona, na mnong'ono wake ulitoka kama pumba zinazomwagwa juu ya jamvi.

"Sema polepole. Kitasikia."

Kati yao, kwenye mkeka uleule, kilikuwepo kipaza cha kwanza. Kilikuwa kimefunikwa kwa sufuria, na juu ya sufuria limewekwa jiwe la kusagia.

"Kisikie na nini?" Paulina akacheka, ila alicheka akiwa amevuta miguu yake pembeni. "Betri nimeitoa kwa mkono wangu."

"Hata jana ulikuwa umeitoa."

Paulina akazidi kuvuta miguu. Jana betri ilikuwa mfukoni mwake, imefungwa kwenye leso pamoja na rozari, na bado chini ya sufuria mtu alikuwa amekohoa.

Sasa, ili mtu asije akadhani Agnella ni mwanamke wa kuogopa masufuria, inafaa ajulikane. Watu wa Katindiuka, kando ya mji wa Ifakara, wanamjua kwa koo lake kabla ya sura yake. Mama yake alimteremsha mgongoni kutoka upande wa Mahenge, na inasemwa kwamba kichanga kile kililia njia nzima ya mlimani mpaka nyani wakatoka msituni, wameziba masikio, wakawasindikiza hadi bondeni ili waondoke upesi. Anayebisha akawaulize nyani.

Alipopata meno ya pili alipandishwa kwenye dungu, kile kichanja cha miti mirefu kinachosimama katikati ya majaruba ya mpunga. Hapo mtu hukaa tangu mpunga unapotia maziwa mpaka siku ya kuvuna, akiwafukuza kwelea kwelea, vindege vidogo vinavyokuja kama moshi na kuondoka na chakula cha mwaka. Kazi hiyo ni kuamia. Wenzake waliamia kwa kombeo, kwa madebe, kwa kamba zilizofungwa makopo. Agnella aliamia kwa koo tupu. Alikuwa na mwito wake mmoja unaoanzia tumboni, unapanda, unakatika juu kabisa kama kijiti kikavu, na ukikatika hapo ndege hugeukia hewani na kurudi walikotoka, na wengine, kwa haraka, huacha manyoya. Siku moja dereva wa treni alishika breki akidhani amekanyaga watu. Kwayani mwalimu alimsimamisha nje ya mlango wa kanisa ili wengine nao wasikike kidogo, na bado waumini walitoka misa masikio yakiwa moto.

Hata ndoa aliipatia hukohuko juu. Sylvester alikuwa ndani ya mtumbwi ng'ambo ya mto akisikia mwito ule kila asubuhi, na siku moja uvumilivu ukamwisha. Akaacha nyavu, akaacha samaki wake aina ya kitoga wakirukaruka, akavuka kwenda kuona ni mnyama gani. Alipomkuta ni msichana mwembamba anakula muhogo mbichi, akaoa. Dada yake, huyuhuyu Paulina, alipinga ndoa ile kwa hoja moja tu: wakigombana usiku mtaa mzima utajua. Na kweli mtaa ulijua.

Basi majirani wakawa wanaomba mashamba yanayopakana na la Agnella, maana koo moja lilitosha kwa wote. Miaka ikaenda hivyo, mpaka mwaka jana, mpunga ukiwa umeinamisha vichwa, mwito ulipokatika katikati badala ya juu. Hospitali wakamwambia apumzishe sauti. Ni kama kumwambia kuku apumzishe kuparua.

Msimu huu mpunga ulipoanza kutia maziwa, Agnella alibakiwa na sauti ya kusalimia tu. Sylvester alikuwa kambi ya wavuvi. Ndege walishaanza kuja kwa vikundi kuchungulia. Ndipo Paulina, ambaye simu yake haimpumzishi, alipomwonyesha, kwenye soko moja la mtandaoni, tangazo la duka la ng'ambo liitwalo Mavuno Mema: kipaza cha kufukuza ndege, kipya kabisa, kinakula jua, *sauti ya binadamu iliyo hai, ndege hawazoei*. Kwenye picha kulikuwa na mwanamke anacheka shambani. Juu yake mbingu tupu.

"Hela yetu haiendi kwa muuzaji moja kwa moja," Paulina alimfundisha walipokwisha kulipa. "Soko linaishikilia katikati mpaka wewe useme umepokea. Kwa hiyo mzigo ukifika usibonyeze kitu. Tunafungua pamoja, tunapiga picha, tunakijaribu, tukiridhika ndiyo tunasema. Umenisikia, wifi?"

Alisikia. Lakini Paulina akaitwa kijijini Chita, ambako bintiye alikuwa amejifungua, na mzigo ukafika yeye akiwa huko anapika uji wa mzazi.

Aliyeuleta ni Teofili, mpokea mizigo ya mabasi stendi ya Kibaoni. Akauweka mikononi mwa Agnella, naye akapokea kwa mikono yote miwili, goti limekunjwa kidogo. Kwa malezi ya mama yake Agnella, kitu ulicholetewa hukifungui mbele ya aliyekuletea. Unapokea, unasema kimefika, unashukuru, na mtu akishageuza mgongo ndipo unachungulia. Anayefungua kwanza ndiye anayemwita mwenzake mwizi. Na huyu muuzaji, aliyejihangaisha kutoka ng'ambo ya bahari yote hiyo, amkagulie mbele ya macho yake? Simu ya Agnella ikalia: mzigo umefika? Kukawa na kitufe cha kijani: *Nimepokea*. Agnella akakibonyeza. Ikaulizwa furaha yake ni nyota ngapi. Akatoa zote tano, asije akaonekana mchoyo, na chini yake akaandika kwa kidole kimoja: Mungu awabariki, wasalimieni nyumbani.

Akamsindikiza Teofili hadi barabarani. Akarudi, akafungua.

Kilikuwa kidude cheusi chenye mdomo wa wavu na kibao cha kudaka jua mgongoni. Mpini wake ulikuwa umelika, umekuwa laini pale kidole gumba kinapokaa. Kwenye vichwa vya misumari kulikuwa na udongo mwekundu, na bonde hili udongo wake ni mweusi. Ndani ya wavu kulinaswa unywele mmoja mrefu, umenyooka kama uzi.

Asubuhi akakipandisha kwenye dungu. Kundi likaja kutoka upande wa mto, limetanda, linapinda na kunyooka kama nguo inayokung'utwa. Agnella akawasha.

Ikatoka sauti ya mwanamke. Maneno yalikuwa ya watu asiowajua, lakini kazi aliijua. Mwanamke aliita mara ndefu, akagonga kitu mfano wa chungu, akavuta pumzi. Ile pumzi ndiyo iliyomsimamisha Agnella nywele. Kitu kilichotengenezwa kiwandani hakichoki. Huyu alikuwa anachoka. Alikuwa juu ya dungu mahali fulani, mpunga wake chini yake, na koo linamuuma.

Ndege hawakukimbia. Walitua. Walitua juu ya mpunga, juu ya kamba, juu ya paa la dungu lenyewe na kwenye ukingo ambapo Agnella angeweza kuwagusa, na wote, shamba zima, wakageuza midomo kukielekea kile kidude. Hakuna aliyedonoa. Hakuna aliyelia. Mpunga ulisikika ukijikuna. Na sauti ilipomaliza wakainama wote pamoja wakaanza kula, kama watu waliokwisha sali kabla ya chakula.

Agnella alishuka akawafukuza kwa kanga, kwa mikono, kwa matusi ya kunong'ona. Kesho yake akajaribu tena, akidhani amekosea kuwasha. Mwanamke akaita, akagonga, akavuta pumzi. Safari hii baada ya pumzi alinyamaza, kimya cha mtu anayesubiri kuitikiwa. Na malezi ni kitu kibaya, mkono wa malezi hauna breki. Agnella akaitikia: "Abee?"

Ndani ya kidude, mwanamke akacheka kidogo. Kisha akasema jambo refu kwa upole, na katikati ya maneno yale ya kwao lilikuwamo jina la Agnella, limetamkwa sawasawa.

Tangu hapo sauti ile ikawa inakauka. Kila ilipoita ilikatika mapema zaidi, kama yake ilivyokuwa ikikatika mwaka jana.

Paulina aliporudi kutoka Chita alikuta jaruba la kwanza limebaki mabua, na wifi yake amekaa chini ya dungu na kitu kimefunikwa kwa debe. Alipokwisha kusikiliza yote, kilichomtoa pumzi hakikuwa mwanamke wa ndani ya wavu.

"Ulibonyeza? *Nyota tano?* Na baraka juu yake? Wifi, umemfungulia mwizi mlango, ukamkaribisha chai!"

"Alikuwa ametuletea..."

"Ametuuzia! Mtu akikuuzia humbariki, unamkagua!"

Lakini Paulina ana sifa moja, hakati tamaa kabla hajachosha watu. Alikwenda mjini kuulizia kwa mtu anayejua mambo ya wanunuzi, akarudi na kichwa kimejaa. Muuzaji angekuwa hapa Ifakara, angeshikwa shati. Wa ng'ambo hashikiki, sheria ya huku mkono wake haufiki kwake. Ila lile soko la mtandaoni lina ahadi zake lenyewe, na ahadi ni kamba: kitu kisipofanana na tangazo, mnunuzi ana siku zake za kulalamika, hata kama alikwisha sema amepokea. Anaweza kudai kitengenezwe, au kibadilishwe, au arudishiwe chake. Asikitupe, asikivunje, asimrudishie muuzaji kabla ya kupewa jibu la maandishi. Na kila neno liwe kwa picha, kwa sababu muuzaji wa mbali haamini asichokiona.

Wakapiga picha mpini. Wakapiga udongo. Unywele wakaulaza juu ya karatasi nyeupe wakaupiga nao. Paulina akaandika kwa vidole vya hasira: tangazo lilisema kipya, hiki kimetumika. Tangazo lilisema ndege watakimbia, hawa wanakuja kusikiliza kama mahubiri.

Jibu likaja kwa Kiswahili kilichopikwa na mashine. *Mpendwa mteja, tunasikitika kwa furaha yako kupungua. Ulithibitisha upokeaji. Tafadhali tuma video ya sauti mbaya.*

Wakapanda dunguni wote wawili, Paulina ameinua simu, Agnella amewasha. Mwanamke akaita, akikwaruza. Ndege wakatua wakageuka. Paulina, ambaye hadi hapo alikuwa akiamini nusu, akajikuta ameshika mkono wa wifi yake. Lakini waliporudia video, ndege walionekana, dungu lilionekana, na sauti haikuwamo. Kimya kitupu, na ndani ya kimya kile pumzi za Agnella mwenyewe.

*Mpendwa mteja, hatusikii chochote,* likaja jibu. *Tunapenda kukupa haki yako. Tafadhali tuma mfano wa sauti unayoitaka.*

"Hapo sasa!" Paulina akasema. "Wape, wifi. Mara moja tu. Wajue sauti ya kuamia inafananaje, wakose pa kukimbilia."

"Daktari alisema..."

"Daktari hana mpunga."

Agnella alitazama majaruba yake. Yale yaliyobaki yalikuwa yanaanza kugeuka rangi. Akanywa maji, akasimama, akaweka mikono kiunoni kama alivyokuwa msichana, akaita.

Uliotoka haukuwa mwito wa mgonjwa. Ulianzia tumboni, ukapanda, ukapita mahali ulipokuwa ukikatikia mwaka mzima, ukaenda mpaka juu kabisa ndipo ukakatika kama kijiti kikavu. Kwelea kwelea walinyanyuka bonde zima, kwa hesabu ya chini hadi kule Chita, jua likapotea, na mbuzi wa Katindiuka walirudi zizini wakidhani jioni imefika. Paulina alilia machozi kwa raha. "Huyo ndiye wifi yangu!"

Agnella akageuka ili amtanie. Midomo ikacheza. Hakikutoka kitu.

Simu ikalia mkononi mwa Paulina. *Tumepokea,* iliandikwa. *Sauti nzuri sana. Tunakupa nyota tano. Mungu awabariki, wasalimieni nyumbani.*

Hayo ndiyo yaliyokuwa yametokea, na ndiyo maana asubuhi ile uani, sufuria ikiwa na jiwe lake, mnong'ono ulikuwa unagombana na sauti.

"Hela watarudisha?" Agnella akauliza.

"Wamechagua kubadilisha. Wameandika kibadala kimeshafika Kibaoni, Teofili atakileta. Tena bila wewe kurudisha cha kwanza! Wifi, hiyo ni haki juu ya haki. Kuna watu wanasumbuka mpaka wanazeeka."

"Waulize wamekitoa wapi."

"Kiwandani!"

"Na hiki nacho kilitoka kiwandani?"

Paulina akaitazama sufuria, akaangalia pembeni upesi. "Sikiliza. Ukikataa utawapa la kusema. Wataandika kwamba mteja amekataa suluhu, lalamiko limefungwa, na hapo hata mimi sitakuwa na mahali pa kukupeleka. Kipokee, ila safari hii usibonyeze kijani. Tunakijaribu kwanza. Kikiwa kibovu, tunaendelea nao."

"Kikiwa kizima?"

"Kikiwa kizima unavuna mpunga wako! Wifi, wewe vipi?"

Agnella akamsogelea, kwa kuwa alitaka neno lake lifike zima. "Mimi sidai kipaza. Nadai nilichowatumia. Ile sauti sikuwauzia, Paulina. Waandikie wairudishe."

"Niandike wapi?" Paulina akainua simu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilikosa ukali. "Angalia mwenyewe. Unachagua: kimevunjika, kimepungua, si chenyewe, hakikufika. Hakuna mahali pa koo. Nimetafuta. Jana nimetafuta mpaka bando likaisha."

Wakatazamana. Wamegombana tangu siku ya harusi, juu ya chumvi, juu ya Sylvester, juu ya nani alimlisha kuku wa nani, na siku zote Agnella alikuwa akishinda kwa kelele. Sasa Paulina alikuwa anashinda na hakuona raha yake.

"Basi niambie lile unaloogopa," akasema taratibu.

Agnella akainyooshea sufuria kidole. "Huyu alidai haki yake kama mimi. Alikuwa na mpunga, alikuwa na koo bovu, akanunua kipaza. Akaambiwa atume mfano." Akameza mate, ikamuuma. "Mimi nimeletewa yeye. Mimi nimepelekwa kwa nani?"

"Usiseme hivyo."

"Yuko mwanamke mahali ananisikia sasa hivi juu ya dungu lake. Na ndege wake wametua."

"Nyamaza, wifi, nimekwambia nyamaza! Kama ni hivyo kingekuja hapa na sauti ya mtu mwingine tena, si ndiyo? Tutakifungua tuone. Kikiwa na mgeni ndani, mimi mwenyewe nitakitupa mtoni, na haki zote nazitupa pamoja nacho. Ila kikiwa na..."

Hakumaliza. Kwelea kwelea walikuwa wamekuja. Hawakuja na ule mvumo wao. Walikuwa tu wapo, juu ya uzio wa mabua, juu ya kinu, juu ya paa la jiko, wamejipanga bega kwa bega, na midomo yote imeelekea njia inayotoka barabarani.

"Hodi hapa!"

Ilikuwa sauti iliyoshiba. Ilianzia tumboni, ikapanda, ikakatika juu kama kijiti kikavu, na Paulina, aliyeisikia sauti hiyo tangu kaka yake alipoileta nyumbani, aligeuka kumtazama wifi yake apate kuuona mdomo uliosema.

Mdomo wa Agnella ulikuwa umefungwa.

"Hodi wenyewe! Nimefika!"

Teofili akaingia uani akitembea kwa ncha za miguu, midomo ameibana, jasho linamtiririka. Boksi alikuwa amelishika mbali na kifua, utepe wake wa gundi bado haujakatwa. Hakusalimia. Akasimama mbele ya mkeka, akalinyoosha.

Na mikono ya Agnella, yote miwili, ilikuwa imeshanyooka.